UZI: Wapopulisti wakishinda kura ng'ambo, Uganda tunaguswa wapi?

Chungu_cha_Habari (mleta uzi)

Wadau, habari za leo. Kila mtu wa siasa za umaarufu anaposhinda uchaguzi Ulaya au Marekani, mjadala wetu huishia kwenye hotuba zake: kasema nini, kamtukana nani. Naomba humu tujadili karatasi. Amri iliyosainiwa, mstari wa bajeti uliofutwa, kiwango cha ushuru, tarehe ya sheria kuanza kutumika. Huko ndiko kura ya mtu wa Ohio inakomkuta mtu wa Soroti.

Nikisema mpopulisti namaanisha mwanasiasa anayeigawa nchi mafungu mawili, wananchi halisi na wakubwa waliowasaliti, kisha akadai yeye peke yake ndiye sauti ya hao wananchi. Anaweza kuwa wa mrengo wa kulia au wa kushoto. Mahakama, benki kuu, shirika la kimataifa, chochote kinachomzuia anakihesabu upande wa wakubwa. Misaada ya nje huwa ya kwanza kuguswa kwa sababu rahisi sana: wanaoumia hawapigi kura kwake.

Trump aliapishwa 20 Januari 2025. Siku hiyohiyo alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na nyingine ya kuitoa Marekani katika Shirika la Afya Duniani (WHO). Kabla wiki haijaisha, miradi ikaagizwa kusimamisha kazi. Sasa tazameni mnyororo ulikatikia wapi. Dawa za ARV zilizokwisha kununuliwa zilikuwa bado zipo stoo. Waliosimama ni watu: wahudumu wanaolipwa kwa mkataba wa mradi, makarani wa takwimu, waelimishaji rika wanaomfuata nyumbani mgonjwa aliyekosa dozi. Zikakwama na sampuli za kupima wingi wa virusi, ambazo huchukuliwa kwa pikipiki kutoka kituo cha afya hadi kituo cha kanda, kisha hupelekwa maabara kuu. Pikipiki bila mafuta haiendi, na bila kipimo hicho daktari hawezi kujua kama dawa ya mgonjwa bado inafanya kazi au virusi vimekuwa sugu.

Baadaye ulitolewa msamaha kwa huduma za kuokoa maisha. Lakini msamaha ni ruhusa ya kufanya kazi, haujazi akaunti. Waliotakiwa kuidhinisha malipo walikuwa wamepewa likizo ya lazima. Februari 2025 Wizara yetu ya Afya ikaagiza kliniki za VVU zilizokuwa zikijitegemea ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa. USAID yenyewe, shirika la serikali ya Marekani la misaada ya nje, ilifungwa rasmi 1 Julai 2025.

Karibuni.

Mzee_wa_Busoga

Mleta uzi nakubaliana nawe nusu. Nusu ya pili, tusimtupie mpopulisti kila kitu. Uganda ilitolewa AGOA, mpango wa Marekani wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, kuanzia 1 Januari 2024, na aliyesaini ni Biden, baada ya ile sheria yetu ya 2023 dhidi ya ushoga. Benki ya Dunia nayo ilisimamisha mikopo mipya kwetu Agosti 2023 kwa sababu hiyohiyo, ikairudisha Juni 2025. Wale wa kabla walikuwa na masharti yao, na yalituuma.

Kwa hiyo Trump aliposhinda Novemba 2024, wako watu serikalini waliopumua. Hakuna tena somo la haki za binadamu kila kikao. Hilo ni badiliko la kweli katika uhusiano wa kimataifa na tusilidharau: serikali nyingi za Kusini zinaona mpopulisti ni mtu wa biashara, unakaa naye mezani, unampa hiki anakupa kile.

Chungu_cha_Habari

Mzee wangu, heshima yako. Ila hesabu ya hiki kwa kile tuifanye hadi mwisho. Mwishoni mwa Julai 2025 Uganda ilisaini na Marekani makubaliano ya kupokea watu wanaofukuzwa kule ambao si raia wa Uganda. Wizara ya Mambo ya Nje ilitangaza 21 Agosti: ni mpango wa muda, hawatakiwi wenye rekodi ya uhalifu wala watoto wasio na walezi, na wanaopendelewa ni wenye asili ya Afrika. Na ushuru wa Marekani kwa bidhaa zetu? Aprili 2025 tulitangaziwa asilimia 10 kama wengi. Kuanzia 7 Agosti ukawa 15. Kenya na Tanzania zilibaki kwenye 10.

Sisemi moja lilisababisha jingine. Nasema kwamba wema wetu haukuonekana kwenye jedwali la ushuru. Zamani ukitimiza masharti ya AGOA ulikuwa unajua unachopata, kimeandikwa kwenye sheria ya bunge lao tangu 2000. Sasa kila kitu ni mezani, na mezani mdogo hana kura ya veto.

Kahawa_Bugisu

Mnazungumza Marekani tu. Pesa yetu kubwa ya kahawa inatoka Ulaya, Italia ndiyo mnunuzi wetu mkubwa, na Ulaya siasa hizi zimetugusa kwa njia ambayo haiandikwi magazetini.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzuia mazao yaliyolimwa kwenye msitu uliokatwa baada ya 31 Desemba 2020. Kahawa imo. Kila shehena lazima ionyeshe shamba ilikotoka. Shamba lisilozidi hekta 4, yaani karibu ekari 10, linatosha nukta moja ya ramani. Likizidi hapo, unachora mpaka wote. Namba za nukta ziwe na desimali sita.

Nitaeleza makosa ya shambani kwa sababu yanajirudia. La kwanza, mwandikishaji anapiga nukta mlangoni kwa mkulima, wakati shamba lake liko ng'ambo ya bonde. Satelaiti inakagua paa la mabati. La pili, namba zinanakiliwa kwenye daftari na desimali zinapunguzwa. Ukibaki na tatu umesogea hadi mita 110 hivi, na mlima Elgon mita 110 zinaweza kukuingiza ndani ya hifadhi ya taifa. La tatu ni kugeuza namba: Mbale iko karibu 1.08 kaskazini na 34.18 mashariki. Ukiandika ya pili kwanza, shamba lako la kahawa linaangukia Algeria. La nne ndilo baya kuliko yote, nalo liko kwa mchuuzi. Ananunua kiboko (kahawa iliyokaushwa na ganda lake) kwa walioandikishwa na wasioandikishwa, anaanika pamoja, anakoboa pamoja. Sheria ile hairuhusu kuchanganya, kwa hiyo gunia moja lisilojulikana linaharibu ghala zima. Suluhisho ni turubai tofauti, magunia yenye alama tofauti, na siku tofauti za kukoboa. Hakuna njia ya mkato hapo.

Sasa siasa. Sheria ilitakiwa ianze 30 Desemba 2024. Juni 2024 vyama vya utaifa vya mrengo wa kulia viliongeza viti Bunge la Ulaya. Wakulima wa kule walikuwa wameandamana na matrekta tangu majira ya baridi. Chama kikubwa cha wahafidhina kilipoona wapiga kura wake wanahama, Novemba 2024 kikapitisha marekebisho kwa kura za vyama hivyo vya kulia. Tarehe ikasogezwa hadi Desemba 2025, kisha ikasogezwa tena hadi Desemba 2026 kwa kampuni kubwa. Wapopulisti hawakushinda wingi wa viti. Walitosha kuwatisha walioko katikati.

Kijana_wa_Lira

Samahani mkuu, lakini kuahirishwa si nafuu kwetu? Tumepata muda wa kuandikisha wakulima.

Kahawa_Bugisu

@Kijana_wa_Lira swali zuri. Kwa ambaye hajaanza, ni nafuu. Kwa chama cha ushirika kilichokwisha kulipa wapimaji, simu za kupigia nukta na mfumo wa kuhifadhi takwimu, ni hasara, kwa sababu kazi ile ingerudi kama bei bora kwa kahawa inayojulikana shamba lake. Tarehe ikisogea, mnunuzi anasema tusubiri. Tarehe ikisogea mara ya pili, mkulima haamini tena mwandikishaji anayekuja na simu. Na takwimu zinachakaa: shamba linagawanywa kwa watoto, linauzwa, linapandwa migomba. Ukiliacha miaka miwili unarudia kupima.

Uganda sasa inauza nje zaidi ya magunia milioni 8 ya kilo 60 kwa mwaka. Zao la ukubwa huo halipangwi kwa tarehe inayoyumba na upepo wa kura za Ulaya.

Binti_Mutukula

Naona mnatazama ng'ambo kana kwamba sisi hatuna wapopulisti. Tunao jirani, na wao ndio wanaotugusa haraka kuliko Washington.

Chukueni makinikia. Machi 2017 Magufuli alizuia kusafirisha mchanga wa dhahabu nje ya Tanzania. Julai kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikichimba dhahabu hiyo, ikapelekewa dai la kodi la dola bilioni 190, na nchi nzima ikashangilia. Januari 2020 mwafaka ukasainiwa: malipo ya dola milioni 300, serikali kupata asilimia 16 ya hisa katika Twiga, kampuni ya ubia wa migodi hiyo, na faida za kiuchumi kugawanywa nusu kwa nusu. Watu husema alishindwa kwa sababu 190 ikawa sehemu ndogo hivyo. Mimi naona zile hisa zilikuwa ushindi wa kweli. Lakini gharama yake ni miaka karibu mitatu ya mgodi wa Bulyanhulu kusimama, na wawekezaji wengine kukaa pembeni wakitazama.

Zambia, Michael Sata alifanya kampeni ya 2006 akiwashambulia wawekezaji wa Kichina. Aliposhinda 2011 akawaalika Ikulu kwa chakula cha mchana. Mpopulisti wa nchi inayodaiwa hubadilika haraka kuliko wa nchi inayodai. Nadhani hapo ndipo tofauti kubwa ilipo kati ya Lusaka na Washington, na wachambuzi wengi wa Ulaya wanapitiwa.

Na Kenya, jamani. Ruto alishinda Agosti 2022 kwa asilimia 50.49 na kauli ya mahasla na wilibaro. Akaikuta nchi haina dola. Machi 2023 serikali yake ikasaini na kampuni za mafuta za Saudia na Emirati: mafuta yaje kwa mkopo wa siku 180, ili dola zisitafutwe kila mwezi. Kwa mpiga kura wa Nairobi lilikuwa jambo la maana. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya mafuta ya Uganda yalikuwa yanapita mikononi mwa waagizaji wa Kenya, na mpango ule ulitufunga na bei ambayo hatukuijadili. Novemba 2023 Kampala ikatangaza kwamba UNOC, kampuni ya taifa ya mafuta ya Uganda, itaagiza yenyewe kupitia Vitol, kampuni ya biashara ya mafuta, na sheria yetu ya mafuta ikarekebishwa. Nairobi nayo ikachelewesha leseni, ikitaka UNOC itimize masharti ya kampuni inayouza ndani ya Kenya, yaani iwe na vituo vya rejareja na mauzo yake huko. Kampuni ya nchi nyingine inayotaka kupitisha mzigo tu itapata wapi vituo Nakuru? Desemba Uganda ikaenda Mahakama ya Afrika Mashariki. Yakaisha kwa mazungumzo 2024, na meli ya kwanza ya UNOC ikaja Julai.

Ndiyo namna siasa ya bei ya unga na mafuta inavyogeuka mgogoro wa nchi na nchi. Hakuna aliyemchukia Mganda. Mganda hakuwa kwenye hesabu.

Msomi_wa_Katiba

Niongeze kwenye suala la wahamiaji, maana Marekani si peke yake.

Uholanzi, chama cha mpopulisti Geert Wilders kiliongoza uchaguzi wa 22 Novemba 2023 kwa viti 37 kati ya 150. Serikali ya muungano ikaingia Julai 2024. Wizara ya ushirikiano wa maendeleo ikapewa chama hicho, bajeti ya misaada ikapangiwa kukatwa, na waziri wake akaja Kampala Oktoba ile akizungumzia kituo cha kupitishia waomba hifadhi waliokataliwa. Juni 2025 Wilders akajitoa na serikali ikaanguka. Mngedhani wazo limekufa. Septemba 2025 serikali iliyobaki ya mpito ikasaini na Uganda barua ya nia, New York. Chama kilitoka serikalini, sera ikabaki.

Uingereza ni hivyohivyo. Misaada yao ilishuka kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5 mwaka 2021, na Februari 2025 serikali ya chama cha Labour ikatangaza itashuka hadi 0.3 ifikapo 2027 ili pesa ziende kwenye ulinzi. Labour si wapopulisti. Wanatawala katika nchi ambayo wapopulisti wamekwisha badilisha kinachowezekana kusemwa.

Sasa sheria yetu. Mtu anayeletwa kwa nguvu kutoka nchi ya tatu si mkimbizi chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2006 mpaka aombe na akubaliwe. Kabla ya hapo ana hadhi gani? Kibali cha namna gani, kinakwisha lini, nani anamlisha, akitaka kurudi kwao anapelekwa na nani? Tunahifadhi tayari zaidi ya wakimbizi milioni 1.7, na mwaka 2025 Shirika la Chakula Duniani liliwaondoa karibu milioni moja kwenye mgao kwa kukosa fedha. Wafadhili walewale waliopunguza mgao wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Bidibidi ndio wanaotuletea watu wapya.

Kuhusu Bunge: sheria yetu ya kuridhia mikataba inapeleka bungeni mikataba ya amani na kusitisha vita, na ile inayohitaji kubadilisha Katiba. Mingine Baraza la Mawaziri linatosha. Anayetaka Bunge liyaone makubaliano haya aanze na sheria hiyo, maana kelele za mitandaoni haziirekebishi.

Kijana_wa_Lira

Swali la mwisho kwangu. Wakishindwa uchaguzi unaofuata, mambo yanarudi kama zamani?

Msomi_wa_Katiba

Tazama Poland. Chama cha PiS kilishinda 2015, rais wa upande wake akakataa kuapisha majaji wa mahakama ya katiba waliochaguliwa na bunge la zamani, kisha chama kikabadilisha baraza linaloteua majaji ili wajumbe wake majaji wachaguliwe na bunge. Oktoba 2023 wapinzani wakashinda, waliojitokeza kupiga kura wakiwa asilimia 74 hivi. Je, maelfu ya majaji walioteuliwa katikati wafukuzwe? Wakifukuzwa, hukumu zao za ndoa, mirathi na mikopo zinabaki halali? Rais alikuwa wa upande wa zamani na ana turufu ya kurudisha miswada. Juni 2025 akachaguliwa mwingine wa upande huohuo, kwa asilimia 50.89.

Hungaria ilikuwa rahisi zaidi kwa mpopulisti Viktor Orbán: mwaka 2010 asilimia 53 hivi ya kura zilimpa theluthi mbili ya viti, na theluthi mbili inaandika katiba.

Chungu_cha_Habari

Na kwa upande wa misaada, kilichovunjwa hakirudi kwa kurudisha pesa. Ule mradi wa takwimu za afya na uzazi uliotupatia utafiti wa kitaifa wa 2022 ulisimamishwa Februari 2025. Wataalamu wametawanyika. Desemba 2025 Uganda na Marekani zimesaini makubaliano mapya ya afya ya miaka mitano: hadi dola bilioni 1.7 kutoka kwao, na zaidi ya milioni 500 za kwetu. Hiyo ya kwetu ndiyo ya kufuatilia. Kila Juni bajeti ikisomwa, tafuteni kwenye fungu la bajeti la Wizara ya Afya mstari wa dawa na mishahara ya wahudumu waliokuwa wa miradi. Usipokuwepo, ahadi ile haijaingia kazini.

Mhasibu_Malaba

Wafanyabiashara, niseme la kwenu. Kontena la futi 20 linabeba magunia 320 ya kahawa, tani 19.2. Tani ikiwa dola 4,000, mzigo ni dola 76,800, na ushuru ule wa asilimia 15 ulikuwa dola 11,520. Ukiuza hadi melini Mombasa, anayelipa ushuru ni mnunuzi, lakini mkataba ujao atakushusha bei. Andikeni kwenye mkataba nani anabeba ushuru ukibadilika kati ya kusaini na kufika.

Someni pia kipengele cha mzigo ulioko njiani. Amri ya ushuru ya 31 Julai 2025 iliusamehe mzigo uliopakiwa melini kabla ya 7 Agosti na kuingia kabla ya 5 Oktoba. Kinachohesabiwa ni tarehe ya kupakiwa kwenye chombo cha mwisho. Meli ndogo inayokupeleka Salalah, Oman, kuhamishia mzigo si chombo cha mwisho. Na fuateni namba ya bidhaa: katikati ya Novemba 2025 kahawa iliondolewa kwenye ushuru ule, kwa sababu bei ya kikombe ilikuwa imepanda na wapiga kura walewale walianza kulalamika.

Mzee_wa_Busoga

Mhasibu, na mitumba? Watu wa soko la Owino, Kampala, wanauliza kama serikali inaweza kuizuia, maana Rais alilisema jambo hilo Mbale 2023.

Mhasibu_Malaba

@Mzee_wa_Busoga shikamoo mzee. Mwaka 2016 Jumuiya yetu ilikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Wauzaji wa nguo kuukuu wa Marekani wakapeleka malalamiko Machi 2017, chini ya Trump wa awamu ya kwanza. Uganda, Kenya na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ilikataa, ikashikilia ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo uliopanda kutoka senti 20, na mwisho wa Julai 2018 nguo zake zikaondolewa AGOA. Kipindi kile tulikuwa na cha kupoteza. Leo tumeshatolewa AGOA, kwa hiyo kitisho kile hakipo. Kilichobaki ni kiwanda cha kumvisha mtu wa Owino kwa bei ya Owino, na pamba yetu nyingi bado inasafirishwa nje bila kusokotwa.